Vikabichi vya Beatrice

Watu wa kwetu husimuliwa wakifa au wakigombea udiwani. Mjomba wangu Ambindwile hajafa, na hajawahi kugombea chochote isipokuwa mpaka wa shamba, ambao alishinda. Kwa hiyo hakuna aliyemwandika. Mimi naona ni dhuluma. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo maisha yake yote, akakamua ng'ombe, akachuma chai, akasomesha watoto kwa ndizi, anastahili kurasa kadhaa kama mheshimiwa yeyote. Nitaandika habari za miezi michache aliyochanganyikiwa, maana katika miezi hiyo ndipo nilipomfahamu.

Anaishi Kyimo, huku kwetu Rungwe, katika nyumba ya tofali za kuchoma iliyozungukwa na migomba mpaka madirishani. Kule ardhi haina ubahili. Unachomeka mti wa kufungia ndama, ukigeuka una majani. Na ndani ya ukarimu huo wa ardhi, mjomba alikuwa na jina lake. Chipukizi la mgomba lililokataa kwa jirani lilikubali kwake. Watu walimletea miche ya parachichi iliyonyauka kama wanavyompeleka mgonjwa kwa daktari. Dawa yake ilikuwa ileile kwa wote: shimo pana, samadi iliyolala, maji ya kutosha, na majani makavu ya mgomba juu yake kama blanketi. Hakuna kilichowahi kumkatalia.

Mpaka Beatrice alipokuja na boksi.

Beatrice ni mke wa binamu yangu Anyitike, mtoto wa mjomba, dereva wa malori yanayokwenda Kongo. Walikutana Dodoma, wakaoana huko. Mimba ilipokuwa kubwa, Anyitike hakutaka mkewe abaki peke yake katika chumba cha kupanga. Akamleta Kyimo kwa wazazi, akapumzika kidogo, akarudi barabarani.

Sasa, kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Mkamwana akisikia mkwewe anakuja, anaacha njia na kusimama pembeni mpaka apite. Mkwe naye hukohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, ili mwenzake apate nafasi ya kuondoka. Hakuna kupeana mikono, hakuna kutazamana, hakuna kusemezana. Vijana wameiacha mila hiyo, na wazee wengi nao wameilegeza. Mjomba hakuilegeza hata kidogo. Niliwahi kumwambia usoni kwamba mila inayomfanya mwanamke ajifiche nyuma ya migomba ndani ya uwanja wake mwenyewe imechoka, izikwe, na mimi nitashika jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mpwa?"

"Nimemaliza, mjomba."

"Haya, shika upande huu wa mzigo, majani ya ng'ombe yasilale nje."

Beatrice hakuambiwa lolote. Anyitike aliona haya kumsimulia mambo ya kwao, akaahirisha mpaka bajaji ikawafikisha uwanjani. Beatrice akashuka na boksi kifuani, akamwona mzee mlangoni, akaliweka boksi chini, akapiga goti na kunyoosha mkono. "Shikamoo, baba." Mjomba akageuka, akaingia migombani, na hakurudi mpaka giza. Kwake yeye, hiyo ndiyo ilikuwa heshima kuu kuliko zote alizokuwa nazo. Kwa binti wa Kigogo aliyesafiri kutwa nzima, lilikuwa kofi.

Tusekile, mke wa mjomba, alimweleza jioni ile ile. Lakini kuelezwa ni jambo moja, na kuishi chini ya paa la mtu asiyekutazama ni jambo jingine. Siku moja mjomba alikuwa ananoa panga nyuma ya jiko, akamsikia Beatrice ndani akimwambia Tusekile, "Mama, nikishajifungua nitakwenda kwa dada yangu Dodoma, nikae huko moja kwa moja. Mzee hanitaki. Naona kama nimekuja kumfukuza kwenye uwanja wake."

Mjomba alikuja kunieleza akiwa bado ameshika panga.

"Hanitaki? Mimi nimehama hata njia yangu ya zizini kwa ajili yake. Nazunguka kule kwenye matope. Nimfanyie nini zaidi?"

"Mwambie, mjomba."

"Nimwambie kwa mdomo gani?"

Hapo ndipo lilipokuwa fundo lote. Alitaka mjukuu wake akulie Kyimo, na mama yake awe na amani hapo. Na njia pekee aliyojua ya kumheshimu ndiyo iliyokuwa inamfukuza.

Ndani ya lile boksi kulikuwa na mimea ya mama yake Beatrice, aliyefariki mwaka uliotangulia. Wauza maua mjini huiita sakulenti: mimea midogo yenye majani manene yaliyojaa maji, mingine imekaa kama waridi la jiwe, mingine kama vidole vya mtoto mchanga. Mama yake aliikuza dirishani Dodoma, na alipofariki, mabinti zake wakagawana. Sehemu ya Beatrice ilikuwa katika makopo ya maziwa ya unga na ya rangi, aliyoyapanga kwenye rafu barazani, chini ya ukingo wa bati mahali mvua isipofika. Asubuhi aliyatazama, akageuza moja moja, basi. Mjomba, akipita baadaye, hakukuta hata mara moja tone la maji chini yake. Aliyaita vikabichi.

Machi ilipoanza, miguu ya Beatrice ilivimba na presha ikapanda. Kliniki wakamwambia akakae karibu na hospitali ya Igogwe mpaka ajifungue. Tusekile akafunga virago aende naye, wakafikie kwa ndugu wa kanisani. Wakati wanaondoka, Beatrice alisema kwa sauti, akimtazama Tusekile lakini akielekeza maneno kwenye kona ya nyumba ambako kikohozi kilikuwa kimesikika, "Mama, naomba baba asihangaike na maua yangu. Yaachwe tu kama yalivyo."

Mjomba alisikia. Hajawahi kukana kwamba alisikia.

Siku za kwanza aliyaacha kweli. Lakini alipita pale kila akienda kukamua, na sasa uwanja ulikuwa wake, aliweza kusimama na kuyatazama. Alichokiona kilimuumiza. Kopo dogo kama la kupimia mchele. Mizizi inachungulia kwenye tundu la chini. Aliposugua udongo wake kwa vidole, akakuta ni mchanga mkavu na changarawe, hakuna hata harufu ya mboji. Aliniita nije nishuhudie.

"Angalia. Hiki ndicho chakula? Mgeni wa nyumba yangu anakula kokoto, na zizi langu lile pale limejaa."

"Shemeji alisema yaachwe, mjomba."

"Mtu mwenye adabu akikaribishwa chakula husema ameshiba. Wewe unamwondolea sahani?"

Leo ninayo majibu mengi, lakini siku ile nilimwacha aendelee. Na nilielewa alichokuwa anakifanya. Hakuweza kumpa Beatrice mkono, hakuweza kumpa salamu. Hiki angeweza kumpa.

Basi alifanya kazi ile kama anavyojua. Alikata madumu ya lita ishirini katikati, akayasugua yakang'aa, wala hakuyatoboa chini, maana tundu hupoteza utamu wa samadi. Akajaza udongo mweusi na samadi ya mwaka jana. Akang'oa vikabichi kimoja kimoja kwa upole wa kumvua mtoto nguo, akakung'uta ule mchanga wa Dodoma, akaumwaga kwenye njia ya ng'ombe palipokuwa na utelezi. Akapanda. Akamwagilia mpaka maji yakasimama. Akafunika kwa majani makavu ya mgomba. Mwishoni akayatoa barazani, akayapanga uwanjani yapate mvua kama viumbe wengine wa Mungu.

Na yalinawiri. Hilo ndilo lililotuchanganya baadaye. Wiki ya kwanza majani yalivimba yakawa kama mashavu ya mtoto anayenyonya. Mjomba akampigia mkewe simu, akipaza sauti kana kwamba Igogwe ni ng'ambo ya ziwa.

"Mama Anyitike, mwambie huyo mwenzako vikabichi vyake vimenenepa fijo, sana kabisa."

"Umevifanya nini?"

"Wewe mwambie vimenenepa."

Kisha majani yakaanza kung'aa vibaya. Yakawa kama kioo, unaona mwanga upande wa pili. Ukigusa jani, linadondoka. Usipogusa, linadondoka. Mjomba akadhani ni njaa, akaongeza samadi. Akadhani ni baridi ya ukungu, akaongeza blanketi la majani. Akadhani ni kiu, ingawa mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumapili, akaleta birika. Kila alipoongeza, jani jingine lilianguka. Nilimkuta amechuchumaa uwanjani mvuani, gunia kichwani, ameshika shina lililobaki bila kitu.

"Mpwa, nimekosea wapi?"

Nilitoa simu. Mimi ni mtu wa chuo, naamini kila swali lina jibu lake limekaa mahali likikusubiri. Mtandaoni, mmoja alikuwa ameandika mwagilia mara moja kwa wiki. Mwingine, mara moja kwa mwezi. Mwingine akasema weka kwenye jua kali, wa nne akasema jua kali huunguza. Wote walisema neno moja linalofanana: ukiona majani yanakuwa kama kioo, acha kumwagilia.

"Niache?" mjomba akauliza. "Mgonjwa anakufa, mimi niache kumpa maji?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Waliosema hivyo wamezaliwa na nani?"

Tulipanda bodaboda kwenda Tukuyu kwa Hadijah, mama anayeuza maua kando ya barabara, na ambaye alikuwa na makopo ya namna ile chini ya turubai lake. Mjomba alikuwa amefunga mgonjwa wake mmoja kwenye kitambaa cha kanisani. Hadijah alifungua kitambaa, akanusa mizizi, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hiki ulikipa nini?"

"Samadi. Maji. Nikakifunika."

"Jiwe umelipikia pilau." Akacheka, halafu alipoona mjomba hacheki, akalegeza sauti. "Sikia, baba. Leo mimi nimefunga. Ukija saa hii ukanishika pua ukaninywesha uji, umenipenda au umeniharibia?"

"Sisi nasi tuko kwenye Kwaresima," mjomba akasema. "Tunafunga. Lakini jioni tunakula."

"Na hiki kina futari yake tumboni. Majani yote haya ni mitungi. Kinakunywa siku moja, kinakaa siku nyingi. Kikikuonyesha mikunjo ya kizee ndipo ukinyweshee, na maji yapite chini yatoke, yasilale."

Akatueleza la kufanya. Tung'oe vyote na kukung'uta udongo mbichi. Mizizi myeusi na shina lililooza tukate mpaka nyama safi. Kilichobaki tukilaze kivulini juu ya gazeti, hewani, bila udongo wala maji, mpaka kidonda kifunge. Kisha tupande kwenye changarawe, zile nyepesi za mlimani zinazoelea ukizitupa majini, ndani ya kopo lenye matundu. Na tukishapanda tusimwagilie kwanza, ingawa mikono itatuwasha.

"Majani yaliyodondoka yakiwa mazima msitupe," akaongeza. "Yalazeni juu ya changarawe. Msiyafukie."

Mjomba akauliza, "Jani lisilofukiwa litaota kwa kutumia nini?"

"Mimi nauza tu, mzee wangu. Aliyeliumba ndiye anajua."

Tukapanda bodaboda kurudi. Sijawahi kumwona mtu amechanganyikiwa hivyo. Ilikuwa ni kama mzee wa kanisa ameambiwa kwamba kuanzia leo dhambi ni sala. Kila alichofundishwa na baba yake kinaitwa utunzaji. Hapa kiliitwa mauaji. Na kile kinachoitwa utelekezaji, hapa ndio utunzaji.

Alifuata, lakini kwa shida. Kukata aliweza. Mtu anayekata migomba kila siku haogopi kisu. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Ile mimea ilipolala mizizi nje juu ya gazeti, alikwenda kuitazama, akarudi, akaenda tena. Siku iliyofuata alinifuata nyumbani kwangu, akanikabidhi birika.

"Kaa nalo."

"Utachemshia nini chai?"

"Nitachemshia sufuria. Kaa nalo, mpwa. Nikiliona pale, mkono unakwenda wenyewe."

Mchana ule ule nilimkuta kwenye njia ya ng'ombe, amepiga magoti na ungo mkononi. Alikuwa anatafuta mchanga. Ule wa Dodoma, aliokuwa ameumwaga kuzuia utelezi. Alichota matope, akayaosha mtoni, akabakiwa na punje chache nyekundunyekundu, akarudi kuchota tena. Nilimwuliza wa nini, wakati mlima mzima una changarawe.

"Mimea ni ya mama yake," akasema. "Mchanga nao ulitoka kwa mama yake. Mimi nimemwaga nyumba ya marehemu kwenye kwato za ng'ombe."

Nikashuka nikasaidia.

Vingi havikupona. Kuoza kulikuwa kumepanda ndani kabla hatujakata, na hewa ya Aprili kule kwetu haikaushi hata nguo, sembuse kidonda. Mwishoni kilibaki kikabichi kimoja, kidogo kuliko kilivyokuja, na majani machache mazima. Mjomba alitoboa kopo la maziwa la zamani, akakipanda kile kimoja katikati ya changarawe na ule mchanga uliookolewa. Majani akayalaza kwenye ungo uliotandikwa changarawe, chini ya ukingo wa bati, bila kuyafukia, ingawa nilimwona mara mbili akiyafunika kwa kidole na kuyafunua tena.

Igogwe nako mambo yalikuwa yanasogea. Beatrice alijifungua mtoto wa kike, kwa upasuaji, wote wazima. Tusekile alipiga simu kila jioni, na kila jioni aliuliza.

"Mwenzangu anauliza maua yake."

"Mwambie yapo."

"Yapo vipi?"

"Yapo, mama Anyitike. Mtoto amelala?"

Nilimkasirikia, nakiri nilimpandishia sauti. Nilimwambia mwanamke mzima ana haki ya kujua habari za mali ya mama yake, na yeye ana simu, ana vidole, apige, aseme nimekosea. Mila isiyoruhusu mtu kuomba msamaha ni mila gani? Mjomba alikaa akitazama ungo.

"Nikimwambia, ataamini nini? Atasema, mtu ambaye hanisalimii ameua mimea ya mama yangu. Wewe ungeamini nini?"

Hilo nalo lilinichanganya. Maana ningeamini hivyohivyo.

Walirudi asubuhi moja yenye ukungu mzito. Nilikuwa uwanjani. Tusekile alishuka na mtoto, Beatrice nyuma yake akitembea polepole, mkono tumboni kwenye mshono. Nyuma ya zizi kikohozi kikasikika. Beatrice hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Akaona kopo moja. Akaona ungo. Akasimama.

"Shemeji," akaniambia, "mengine yako wapi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu wiki iliyopita, na ilikuwa nzuri. Nikafungua mdomo, ikakosekana. Beatrice akasema taratibu, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "Basi. Mama, begi langu lisifunguliwe. Dada amesema nikipata nguvu tu niende." Akaingia ndani, akakaa kitandani karibu na dirisha, tukasikia kitanda kikilia.

Ndipo mjomba akatoka nyuma ya zizi. Alizunguka upande wake wa matope, akakohoa, akafika barazani. Akachukua kopo la kikabichi kutoka kwenye rafu, akaketi juu ya gogo chini ya dirisha lile, mgongo umeelekea ukutani, uso shambani. Akaliweka kopo magotini.

"Wewe kikabichi," akasema.

Nilidhani akili imemruka. Tusekile alinishika mkono nisisogee.

"Wewe kikabichi, mimi ndimi niliyewaua wenzako. Niliambiwa niwaache, nikasikia, sikuwaacha. Niliona mnakula mchanga nikaona haya. Nikawapa samadi na maji. Sikuwapa kwa ubaya." Akafuta pua. "Mchanga wa kwenu niliumwaga. Nimeuokota, haukutimia wote. Uliobaki ndio huo umeukalia. Nimemaliza. Kama kuna mtu anasikia, amesikia."

Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye bati. Kisha sauti ya Beatrice ikatoka dirishani, haina uhakika, kama mtu anayepima iwapo ubao utamhimili.

"Kikabichi."

Mjomba akakaza shingo asigeuke.

"Kikabichi, mwulize aliyekushika. Kwa nini hakuwaacha, kama nilivyosema?"

"Mwambie, nilishindwa. Yeye niliweza kumwacha. Nilipita mbali, nikakohoa, nikahama njia, na ndiyo heshima kubwa niliyo nayo, nyingine sina. Lakini kitu kilichopandwa sijafundishwa kukiacha. Mpaka leo sielewi. Mama mmoja kule Tukuyu amenieleza vizuri kabisa na bado sielewi."

"Mwambie, mimi nilidhani ni chuki."

"Mwambie, nilisikia. Nilikuwa nanoa panga."

Ikatoka sauti ambayo sikuitambua kwanza; Beatrice alikuwa anacheka huku ameshika mshono. "Mwambie asinichekeshe, naumia." Mtoto akaamka, akalia, Tusekile akakimbilia ndani. Baada ya muda Beatrice akasema tena, "Kikabichi, kile kilichoko kwenye ungo ni nini?"

"Majani. Yule mama alisema yalazwe. Mimi sina imani nayo."

"Naomba niletewe."

Mjomba akaangalia huku na huko, akanyanyua ungo juu ya kichwa chake kama anayepitisha mzigo ukutani, bila kugeuka, akausogeza mpaka kwenye nondo za dirisha. Beatrice akauvuta ukingo. Halafu akaniita mimi nitazame, kwa kuwa mimi naruhusiwa. Kwenye ncha zilizokatika za majani matatu au manne kulikuwa na nyuzi za rangi ya waridi, nyembamba kuliko nywele za yule mtoto, zinatafuta changarawe. Kwenye jani moja, palipokatikia, pamekaa kikabichi kidogo kuliko punje ya mtama, kina majani yake kamili.

"Mama alikuwa anayavunja kwa makusudi," Beatrice akasema. "Anayaweka kwenye sinia. Mimi nikadhani anaharibu."

Nilimwambia mjomba nilichokiona. Hakuniamini. Alisimama pale na mgongo wake ukutani, mikono imening'inia.

"Imeota? Bila mimi?"

"Imeota, mjomba."

"Kwa kula nini?"

Akakohoa, akarudi upande wake wa matope.

Beatrice hakwenda Dodoma mwezi ule. Alimpigia dada yake mimi nikiwepo. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba mizizi ni michanga, haiwezi kutikiswa kwenye basi, na mpaka kila kimoja kiwe na ukubwa wa kifungo cha koti haiwezekani kuvihamisha. Dada yake akauliza itachukua muda gani. Akasema, "Haya mambo hayakimbizwi, dada." Begi limefunguliwa. Kama kuna sababu nyingine, hajaisema, na hakuna aliyeuliza.

Na mimi sijui niseme nini. Nilitaka kuandika kwamba mila ilivunjika siku ile, kwamba mzee aligeuka, wakatazamana, wakapeana mikono. Ingenifaa sana. Haikutokea. Mjomba mpaka leo anazunguka kwenye matope. Bado naamini mila hiyo imechoka, na nitaendelea kusema hivyo mbele ya yeyote. Lakini nimewasikia wale watu wawili wakiongea kupitia kopo la maziwa, na sijawahi kusikia baba na mkamwana wakiambiana ukweli hivyo uso kwa uso. Sielewi. Nimekaa na jambo hili kama mjomba alivyokaa na jani lake.

Sasa ni Julai, baridi ya Rungwe inauma mpaka masikioni. Vikabichi vipya vimejaa ungo. Jua likitoka, Beatrice husukuma ungo nje mpaka ukingo wa baraza, kisha huingia ndani. Manyunyu yakianza, kikohozi husikika, na mjomba huja kuuvuta chini ya bati. Birika nilimrudishia, maana chai ya sufuria ilikuwa na harufu ya maharage. Huwa namwona akisimama pale amelishika, bado la moto, hajui alipeleke wapi.

"Wewe kikabichi," huuliza, mgongo dirishani. "Leo mnakunywa?"

"Mwambie bado," hujibu sauti ndani.

"Haya. Mwambie nimeuliza tu."